Faili Lako Ofisini: Namna ya Kuliomba, na Namna Kampuni Ndogo Ipasavyo Kujibu

Makatibu wetu wa matawi yaliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa, Nairobi, Malaba na Kampala huulizwa swali lile lile kila mara. Dereva au utingo ameachishwa kazi, au amekwenda kuomba kazi kwa tajiri mwingine akakataliwa. Akiuliza sababu huambiwa, "Faili lako lina matatizo." Akiomba alione faili hilo huambiwa kwamba ni mali ya kampuni na halitoki ofisini. Basi huondoka bila kujua ameshtakiwa kwa kosa gani, nani aliyemshtaki, wala ni lini alipohukumiwa.

Zamani jibu hilo la tajiri lilikuwa na nguvu. Leo halina. Karatasi na kabati ni mali ya kampuni, hilo hatubishani. Lakini habari za mfanyakazi zilizoandikwa humo zinamhusu yeye, na sheria imempa haki ya kuzijua, kuzisahihisha zikiwa za uongo, na kuambiwa ni nani wengine waliopelekewa.

Makala haya yanaeleza haki hiyo ni ipi, na kampuni ndogo ya magari, ya ghala au ya gereji yapaswa kufanya nini inapoletewa ombi. Tumeyaandika kwa ajili ya mfanyakazi, lakini tunawaomba wanachama wampe na karani wa ofisi ayasome. Mara nyingi karani ndiye anayelipokea ombi, na hakuna aliyemfundisha la kufanya.

SHERIA ZENYEWE

Jambo hili si geni duniani. Sheria ya kwanza ya kulinda habari za watu binafsi ilitungwa mwaka 1970 katika jimbo la Hesse, Ujerumani Magharibi, wakati ofisi za serikali zilipoanza kutumia kompyuta. Sweden ikafuata mwaka 1973 kwa sheria ya nchi nzima. Wananchi wa huko walikwisha kuona kwamba mtu asiyejua kilichoandikwa juu yake hawezi kujitetea.

Kwetu sheria hizi zimekuja baadaye. Uganda ilipitisha yake mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Rwanda ilitunga yake mwezi wa Oktoba 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyaweka mambo haya katika sheria yake ya mwaka 2023. Kwa hiyo dereva anayetoka Mombasa mpaka Kigali au Dar es Salaam hupita nchi baada ya nchi, na kila moja inamtambua kuwa ana haki katika habari zake.

Katika makala haya tutaeleza zaidi sheria ya Kenya. Tunafanya hivyo kwa sababu baadhi ya wanachama wetu, ingawa ni watu wa nchi jirani, wameajiriwa na kampuni zilizoandikishwa Mombasa na Nairobi, na sheria hiyo inazibana kampuni hizo. Haiulizi mfanyakazi ni raia wa wapi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya mwaka 2019 ikaifafanua haki hiyo. Katika kifungu cha 26 inasema kwamba mtu mwenye habari ana haki ya:

1. kuambiwa habari zake zitatumiwa kwa kazi gani;
2. kuziona habari zake zilizo mikononi mwa kampuni;
3. kupinga zisitumiwe, zote au baadhi;
4. kusahihishiwa zilizo za uongo au za kupotosha;
5. kufutiwa zilizo za uongo au za kupotosha.

Kanuni za mwaka 2021 zimeweka masharti ya kuitekeleza haki ya pili, ambayo ndiyo shabaha yetu leo. Kampuni inatakiwa itimize ombi la mtu la kuona habari zake katika muda wa siku 7 tangu tarehe ya ombi. Inatakiwa impe nakala. Tena haina ruhusa ya kumtoza hata senti moja kwa kumtimizia ombi hilo. Mwenye habari ana haki pia ya kuelezwa habari hizo zinatumiwa kwa kazi gani, ni za aina gani, zimepelekwa kwa nani, zitawekwa muda gani, na kama hazikutoka kwake, zilitoka wapi.

Siku 7 ni chache. Kampuni iliyozoea kuweka karatasi ndani ya maboksi chini ya meza itazimaliza siku hizo kwa kutafuta tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa hata habari zenyewe hupotea bila daftari.

JE, KAMPUNI NDOGO IMO?

Swali hili huulizwa na wenye kampuni, na wengine hulijibu wenyewe wanavyopenda. Husema, "Sisi ni wadogo, sheria hiyo ni ya mabenki na makampuni ya simu."

Wamechanganya mambo mawili. Jambo la kwanza ni kujiandikisha katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kampuni ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 za Kenya, na ambayo wafanyakazi wake hawafiki 10, imesamehewa kujiandikisha. Lakini msamaha huo hauzihusu kazi fulani zilizotajwa katika kanuni, kama vile shule, hospitali, hoteli, mikopo, na usafirishaji. Kwa hiyo kampuni ya magari, hata iwe na lori mbili, haina budi kujiandikisha.

Jambo la pili ni kuitii sheria yenyewe. Hapa hakuna udogo. Kampuni iliyosamehewa kujiandikisha haikusamehewa kumjibu mfanyakazi wake. Mwenye gereji aliye na mafundi watano na daftari moja la mishahara anadaiwa jibu katika siku zile zile 7 kama benki yenye matawi 100.

Tukumbuke pia kwamba sheria haisemi kompyuta peke yake. Faili la karatasi lililopangwa hata habari za mtu zikaweza kutafutwa humo nalo limo.

HABARI ZA MFANYAKAZI ZIKO WAPI?

Ukimwuliza karani wa kampuni ndogo habari za dereva ziko wapi, atakuonyesha faili moja lenye barua ya kuajiriwa, nakala ya kitambulisho na nakala ya leseni. Hizo ni sehemu tu. Tuhesabu mahali pengine:

- Daftari la mishahara na posho, pamoja na makato ya NSSF na mikopo ya mwanzo wa mwezi.
- Vocha za mafuta na hesabu ya lita kwa kila safari.
- Kumbukumbu za chombo kilichofungwa garini kinachoonyesha gari liko wapi, limekwenda kwa mwendo gani, na limesimama saa ngapi. Mara nyingi kumbukumbu hizo zinawekwa na kampuni nyingine iliyoajiriwa kwa kazi hiyo.
- Matokeo ya kupimwa pombe getini, na karatasi za daktari.
- Picha za kamera za ulinzi katika yadi.
- Barua za onyo, na maandishi ya kikao cha nidhamu kama kilifanyika.
- Ripoti za ajali na barua zilizopelekwa kwa kampuni ya bima.
- Ujumbe wa simu. Katika kampuni ndogo meneja na msimamizi wa yadi hupelekeana habari za madereva kwa WhatsApp, na humo ndimo mnamoandikwa maneno ambayo hakuna mtu angethubutu kuyaandika katika barua yenye muhuri.

Yote hayo, maadamu yanamtaja dereva fulani na yanatumiwa kwa kazi ya kampuni, ni habari zake. Kampuni ikimletea nakala ya leseni peke yake na kusema "haya, hilo ndilo faili lako," haijatimiza ombi.

HATUA SABA ZA KUJIBU OMBI

Kampuni kubwa zina mwanasheria na ofisa wa kazi hiyo. Kampuni ndogo ina mwenye mali, mke wake au ndugu yake anayeshika fedha, na karani mmoja. Hata hivyo kazi si ngumu ikifanywa kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kulitambua ombi. Kanuni za Kenya zina fomu maalum ya kuombea, Fomu DPG 2. Ni vizuri mfanyakazi kuitumia. Lakini karani akiletewa barua ya kawaida inayosema "naomba kuona habari zangu," asiitupe kwa kuwa si fomu. Ampe mwombaji fomu hiyo siku ile ile, au aipokee barua kama ilivyo. Anayengoja mtu akosee fomu ili amnyime haki hajatenda kwa nia njema, na Kamishna ataliona hilo.

Hatua ya pili ni kuandika tarehe. Ombi likifika ligongwe muhuri au litiwe sahihi na tarehe, na mwombaji apewe nakala. Hapo ubishi wa siku hautatokea.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha mwombaji ndiye mwenyewe. Dereva aliye kazini na anayejulikana na kila mtu haina haja kumtaka vitambulisho vitatu. Kwa aliyekwisha kuondoka, au anayeandika kutoka mbali, kitambulisho au pasipoti yatosha. Ikiwa ametuma mtu, kwa mfano katibu wa tawi la Chama, kifungu cha 27 kinaruhusu mtu aliyepewa idhini aombe kwa niaba yake. Basi barua ya idhini ionyeshwe. Hatua hii isidharauliwe. Kampuni iliyompa mtu mwingine mshahara, ugonjwa na anwani ya dereva imefanya kosa kubwa kuliko ile iliyochelewa kujibu.

Hatua ya nne ni kutafuta mahali pote tulipopataja hapo juu. Kampuni ndogo ifanye orodha mara moja, iibandike ukutani: ni habari gani zipo, ziko katika kabati gani au simu ya nani, na kampuni gani ya nje inaziweka kwa niaba yetu. Orodha ikiwapo, kazi ya siku sita huwa kazi ya mchana mmoja. Na kampuni ya nje yenye kumbukumbu za gari iandikiwe siku ile ile ombi lilipofika, kwa maana siku 7 hazisimami kungojea jibu lake.

Hatua ya tano ni kutenganisha habari za watu wengine. Daftari la mishahara lina majina ya wote. Mwombaji apewe mstari wake, ya wengine yafunikwe kabla ya kupigwa nakala. Ikiwa mfanyakazi mwenziwe alitoa ushahidi juu yake, kampuni ifikiri kwa makini: yanayomhusu mwombaji ayajue, lakini jina na anwani ya shahidi visianikwe ovyo. Sheria ya Uganda imelitaja jambo hili waziwazi: ombi lisiwe njia ya kufichua habari za mtu mwingine bila ridhaa yake.

Hatua ya sita ni kutoa nakala pamoja na maelezo. Rundo la karatasi zenye alama ambazo ni karani peke yake anayezielewa halitoshi. Ikiwa "K3" maana yake ni "asipewe gari jipya," na iandikwe hivyo. Barua ya maelezo itaje habari zinatumiwa kwa kazi gani, zimepelekwa kwa nani, na zitawekwa muda gani.

Hatua ya saba ni kuweka kumbukumbu ya ombi lenyewe: lilifika lini, lilijibiwa lini, na nini kilitolewa. Siku Kamishna akiuliza, ukurasa huo mmoja ndio utetezi wa kampuni.

VISINGIZIO VINAVYOSIKIKA

"Faili ni siri ya kampuni." Siri za kampuni ni bei zake na wateja wake. Maonyo ya dereva si siri kwa dereva mwenyewe.

"Ulikwisha kuacha kazi." Haki haikufa siku ya kuacha kazi. Maadamu kampuni bado inazo habari, mwenye habari bado anayo haki. Tena Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ayaweke maandishi ya masharti ya kazi kwa miaka 5 baada ya ajira kumalizika.

"Lipa gharama za nakala." Kanuni zinasema ni bure.

"Eleza kwanza unazitakia nini." Kuona habari zako ni haki yenyewe, nayo haimngojei mwajiri aridhike na sababu zako. Hata hivyo karani anaweza kuuliza kwa adabu kama mwombaji anataka mambo ya mwaka fulani au safari fulani, ili kazi iwe nyepesi kwa wote wawili. Mwombaji akisema anataka yote, apewe yote.

"Tumezipoteza." Hapa kampuni imejiingiza katika shimo jingine. Sheria inamtaka kila mwenye kuweka habari za watu azitunze salama. Anayesema amezipoteza anakiri kwamba hakuzitunza. Na anayezichana baada ya kuletewa ombi anajiongezea mashtaka.

Kuna mambo kampuni inayoweza kuyazuia kwa haki. Sheria imetaja mambo ya usalama wa taifa, na yale yanayotakiwa kwa sheria nyingine au amri ya mahakama. Kampuni inayozuia kitu itaje inazuia nini na kwa sababu gani, kwa maandishi. Kunyamaza si jibu.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme iko kampuni ya Mombasa yenye malori 14. Tumwite dereva wetu Fulani bin Fulani, mtu wa Tororo, aliyeifanyia kazi miaka sita. Anaachishwa kazi kwa maneno ya mdomo kwamba ni mwizi wa mafuta. Anakwenda kwa tajiri wa pili, kisha wa tatu. Kote wamekwisha kupigiwa simu.

Fulani anajaza fomu kwa msaada wa katibu wa tawi, anaipeleka Jumatatu na kutiliwa sahihi. Jumatatu inayofuata anapokea nakala. Ndani yake anakuta barua mbili za onyo. Ya kwanza ni yake, ya kuchelewa. Ya pili inahusu upungufu wa lita 180 za dizeli, na namba ya gari iliyoandikwa humo si ya gari lake. Anatazama kumbukumbu za gari lake za usiku ule: lilikuwa kwenye foleni Malaba. Barua hiyo ni ya dereva mwingine wa jina moja naye, karani aliiweka katika faili lisilokuwa lake.

Kabla ya kuona faili, Fulani alikuwa na neno lake dhidi ya neno la tajiri. Sasa ana karatasi ya tajiri mwenyewe inayompinga tajiri. Anaweza kuandika kudai isahihishwe, na kanuni zinaipa kampuni siku 14 za kufanya hivyo. Anaweza kudai waliopelekewa uongo ule waambiwe ukweli. Anaweza pia kwenda mahakama ya kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza kabla ya kumfukuza, akiwapo mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa Chama. Tena mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu ya kumfukuza. Mashtaka ya namna hiyo yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo asikae.

Mfano huu una upande wa pili, nasi hatuuchi kuusema. Huenda faili likaonyesha kwamba lita zile alizichukua. Hapo Chama kitamshauri ukweli ulivyo, wala hakitapoteza fedha za wanachama kwa kesi isiyo na miguu. Kujua mapema ni faida hata katika hali hiyo.

KAMPUNI IKIKATAA AU IKINYAMAZA

Siku 7 zikipita bila jibu, andika barua ya pili fupi ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Ikipuuzwa nayo, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi. Malalamiko yanaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo. Asiyejua kuandika ataandikiwa hapo hapo. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90.

Kamishna anaweza kuamuru kampuni itekeleze, na anaweza kuitoza faini isiyozidi shilingi milioni 5. Aidha aliyepata hasara anaweza kulipwa fidia, hata kama hasara yake ni fadhaa na si fedha. Asidhani mtu kwamba ofisi hiyo hutazama wakubwa tu. Septemba 2023 ilitangaza faini za shilingi 4,550,000 kwa shule moja iliyotoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, shilingi 1,850,000 kwa mahali pa starehe palipotangaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shilingi 2,975,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu. Makosa hayo si ya kunyima faili, lakini yanaonyesha mkono wa sheria unafika wapi.

Kwa walioajiriwa na kampuni za Uganda, ofisi yao ya kulinda habari za watu binafsi iko Kampala. Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katibu wa tawi atawaelekeza.

Kuna hofu moja tunaijua. Mfanyakazi aliye bado kazini huogopa kwamba akiomba faili ataonekana mkorofi. Hofu hiyo si ya bure. Kwa hiyo tunashauri maombi yafanywe kwa pamoja: wafanyakazi wote wa yadi waombe wiki moja, kila mtu kwa fomu yake. Mmoja huonekana msumbufu. Ishirini huonekana utaratibu. Tena waarifuni uongozi mapema, ili karani asielemewe siku moja na fomu ishirini zenye ukomo wa siku 7. Tunataka faili, hatutaki kumkomoa karani ambaye naye ni mfanyakazi mwenzetu.

CHAMA NACHO KINA DAFTARI

Ndugu wanachama, haifai kumnyoshea mwenzako kidole huku mkono wako haujaoshwa. Chama kina daftari la wanachama: majina, namba za simu, michango, mashauri ya kila mmoja, na maneno yaliyosemwa katika vikao. Mwanachama akiomba kuona yaliyoandikwa juu yake, makatibu wanadaiwa hatua zile zile saba. Tawi lisilokuwa na orodha ya mafaili yake lianze kuitengeneza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu huhesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa habari nyeti, pamoja na afya na dini ya mtu. Sheria za Kenya na Uganda zimetaja habari nyeti za aina mbalimbali, lakini uanachama wa chama haumo katika orodha zake. Maana yake ni kwamba daftari letu likiangukia mkononi mwa tajiri asiyependa Chama, mwanachama hana ngao ile ya ziada ambayo mwenziwe wa Ulaya anayo. Basi tulitunze. Yafaa pia viongozi wa vyama vyetu walipeleke jambo hili kwa wabunge, ili pengo hilo lizibwe.

BARUA YA MFANO

Asiyepata fomu anaweza kuandika hivi:

"Kwa Meneja. Mimi (jina), mwenye kitambulisho namba (…), nilikuwa/ni dereva wa kampuni yako tangu (tarehe). Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, naomba nakala ya habari zangu zote mlizo nazo, zikiwa pamoja na faili la kazi, maonyo, mishahara, hesabu za mafuta, kumbukumbu za mwendo wa gari nililoendesha, na ujumbe wa simu unaonitaja. Naomba pia kuelezwa habari hizo zimepelekwa kwa nani. Natarajia jibu katika muda wa siku 7. Tarehe. Sahihi."

Andika nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakutilie sahihi uondoke nayo. Wasipotaka kutia sahihi, uwe na shahidi, au ipeleke kwa posta ya rejista na utunze risiti.

Ndugu, faili lililofungwa kabatini limewakosesha watu kazi ambao kosa lao halikuthibitishwa na mtu yeyote. Ufunguo wa kabati hilo sheria imekwisha kuutoa, uliobaki ni mkono wa kuugeuza. Kila tawi lisome makala haya katika mkutano wake ujao, na kila katibu awe na fomu kumi mezani pake.

Umoja ni nguvu.